Tumsome Gurnah, tusimgombanie tu

Mhariri,

Mjadala kuhusu Abdulrazak Gurnah haujafa tangu tarehe 7 Oktoba 2021, siku Akademi ya Uswidi ilipomtangaza mshindi wa tuzo ya Nobel ya fasihi. Hapa Kisumu, na hata kule Nakuru na Kakamega, ukiwatajia wapenda vitabu jina lake, swali linalozuka kwanza ni moja: ni wetu au ni wa Waingereza? Mmoja atasema ni Mzanzibari wa kuzaliwa, basi. Mwingine atamjibu kwamba ana uraia wa Uingereza, na kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Sauti zinapanda, saa zinakwenda, na riwaya zake kumi na moja zinabaki hazijafunguliwa. Jambo hili linatuuma, ndiyo maana tunaandika. Mtu huyu ameandika historia ambayo sehemu yake ilipita milangoni mwetu, nasi tunaishia kumgombania.

Kwanza tusafishe makosa machache yanayorudiwa. Gurnah si Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya fasihi. Wole Soyinka wa Nigeria aliipata mwaka 1986, Naguib Mahfouz wa Misri 1988, kisha Waafrika Kusini wawili, Nadine Gordimer 1991 na J. M. Coetzee 2003. Yeye ni wa kwanza wa Afrika Mashariki katika fasihi; Wangari Maathai wetu aliipata ya amani mwaka 2004. Pili, hakutuzwa kwa ajili ya kitabu kimoja. Nobel ya fasihi hutolewa kwa kazi zote za mwandishi, na Akademi ilieleza ilichokiona katika kazi hizo: namna alivyozama, bila kulegeza msimamo na bila kukosa huruma, katika athari za ukoloni na masaibu ya mkimbizi aliyenaswa kati ya tamaduni na mabara. Tatu, riwaya iitwayo Peponi hakuiandika yeye kwa Kiswahili. Ni tafsiri ya Paradise, iliyofanywa na Dkt. Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Riwaya zake zote aliziandika kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili ndicho alicholelewa nacho.

Alizaliwa Zanzibar tarehe 20 Desemba 1948. Alikuwa na miaka 15 Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipotokea, na watu wa asili ya Kiarabu, jamii yake ikiwamo, wakaandamwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado barobaro, aliondoka kwenda Uingereza. Wakati huo una uzito wake, na msomaji wa Kenya ana sababu ya kuukumbuka. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza, wakiwemo wenye maduka wa Kisumu na Nakuru, wasiingie nchini humo kwa wingi. Mwezi uliofuata, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mbaya dhidi ya wahamiaji. Kijana wa Unguja alikuwa anajifunza kuishi katika nchi yenye hali hiyo. Zanzibar hakuweza kurudi hadi 1984, akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kila kitabu chake kina mtu aliyeondoka na mtu aliyeachwa.

Kazi aliyoifanya maisha yake yote ni ualimu. Alisoma Canterbury, aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali, akafundisha shule ya sekondari, kisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, Nigeria, kati ya 1980 na 1983. Shahada ya uzamifu aliipata Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, kwa utafiti kuhusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, na Kent ndiko alikofundisha hadi kustaafu. Aliwafundisha wanafunzi wake kazi za kina Soyinka, Rushdie na Ngũgĩ. Utangulizi wa A Grain of Wheat ya Ngũgĩ katika toleo la Penguin ni wake Gurnah. Kwa hiyo wanaodhani amekuwa mbali na fasihi ya Kenya hawajaangalia kurasa za mwanzo za kitabu hicho.

Tunalisisitiza hili la ualimu kwa ajili ya vijana wanaotaka kuandika na wanaotaka kufanikiwa baada ya mswada mmoja. Gurnah alianza kuandika akiwa na umri wa miaka 21 hivi. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987, akiwa na miaka 38. Ya pili, Pilgrims Way, ilifuata 1988, Dottie ikaja 1990. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyompa jina kubwa. Ya nne, Paradise, ya mwaka 1994, ndiyo iliyoingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker ya Uingereza, na hata hapo hakushinda. Miaka 27 ilipita kati ya orodha hiyo na Nobel. Katikati aliandika Admiring Silence (1996), By the Sea (2001), Desertion (2005), The Last Gift (2011), Gravel Heart (2017) na Afterlives (2020), nyingi kati ya hizo huku akisahihisha insha za wanafunzi na kuhudhuria vikao vya idara. Tuzo ilipotangazwa vitabu vyake viliadimika madukani, maana wachapishaji hawakuwa na akiba; Afterlives ilitoka Marekani mwaka 2022 tu, baada ya Nobel. Aliyemwona siku ile na kusema amechipuka ghafla hakuwa anaangalia. Baada ya tuzo hakunyamaza: Theft, yenye vijana watatu wa Zanzibar na Dar es Salaam wanaokua wakati utalii unaingia visiwani, ilitoka 2025.

Sasa, asomwe vipi? Hapa ndipo wengi hukwama, na si kwa sababu vitabu ni vigumu. Hukwama kwa kuanza pasipofaa. Mtu hununua Afterlives kwa sababu ndiyo iliyotajwa sana wakati wa Nobel, au huazima By the Sea kwa sababu ndiyo iliyopo, halafu anachanganyikiwa na kuiweka chini. Ushauri wetu ni kuanza na Paradise, au Peponi kwa anayetaka Kiswahili. Ina sehemu sita na kurasa takriban 250 kwa Kiingereza. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli inayodidimia katika mji mdogo wa relini, na ana deni kwa tajiri wa pwani aitwaye Aziz. Mtoto anamwita tajiri huyo ami, na anampenda kwa sababu kila akija humpa sarafu. Siku moja anaambiwa apande treni na ami yake. Haambiwi kwamba ametolewa kwa ajili ya deni. Anayemweleza ni Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, ambaye naye alitolewa vivyo hivyo kabla yake, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba huyu si ami yako, mwite Seyyid, yaani bwana. Ukurasa huo usisomwe kwa haraka. Hakuna anayepigwa wala kufungwa kamba, na mtoto ameshakuwa mali ya mtu.

Kabla ya kuanza, soma tena kisa cha Yusuf: Sura ya 12 ya Kurani, au Mwanzo kuanzia mlango wa 37. Wakristo na Waislamu wa magharibi mwa Kenya wanakijua tangu utotoni, na Gurnah amekisuka ndani ya riwaya nzima. Kuna ndoto, kuna bustani, kuna mke wa tajiri anayemtaka kijana, kuna shati linalochanwa kwa nyuma kijana anapokimbia. Msomaji anayekijua kisa atangoja Yusuf apande cheo awe mkuu wa hazina kama katika vitabu vitakatifu. Gurnah hampi cheo. Mwishoni askari wa Wajerumani wanapita wakikusanya watu kwa nguvu, wanapiga kambi karibu na nyumba na kuondoka. Yusuf anatoka alikojificha, anawaona mbwa wakila kinyesi walichokiacha askari, anaelewa kitu kuhusu maisha yake, na anakimbia kuufuata msafara wao. Wasomaji wengi hukasirishwa na mwisho huo. Wakasirike, lakini wajiulize: kati ya bustani ya tajiri na jeshi la mkoloni, kijana huyu alikuwa na mlango gani wa tatu?

Sehemu ya tatu na ya nne, za safari ya bara, ndizo zinazowaangusha wasomaji wengi. Majina ni mengi, miji mingine haipo kwenye ramani, na Yusuf mwenyewe hasemi sana, yeye hutazama. Anayetaka shujaa wa kupambana atachoka. Dawa yake ni kuwafuata wengine wanaosema: Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara, na Chatu, mtawala anayewanyang'anya wafanyabiashara mali yao. Chatu ana sababu: mfanyabiashara mwingine wa pwani alimdhulumu kabla yao, naye anaona wote ni wale wale. Kisha anatokea Mjerumani na kuamuru mali irudishwe. Hebu tazama hapo. Pande mbili zilizokuwa zinagombana zote zimepata bwana mpya kwa siku moja, na aliyesaidiwa hana sababu ya kufurahi kuliko aliyeamriwa.

Watu wa Mumias wana haki ya kuisoma riwaya hii kuliko wengi. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilifika katika ufalme wa Wanga karne ya 19, na Uislamu wa Mumias una mizizi katika biashara hiyo. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta njia tayari inajulikana. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya misafara ya miguu ilikufa. Aziz na watu wake wanapita upande wa Wajerumani, Tanzania Bara ya leo, si njia ya Mumias, lakini mambo yenyewe ni yale yale: hongo kwa watawala wa njiani, wapagazi wanaotoroka, homa, madeni ya pwani yanayolipwa na watu wa bara.

Ukimaliza hapo, nenda Afterlives. Kuna mtego mmoja: wasomaji humtafuta Yusuf. Hayumo kwa jina hilo. Kuna Hamza, ambaye utoto wake kwa tajiri unafanana na wa Yusuf, na ambaye amejiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari kisha akajuta tangu siku za mwanzo. Usikisome kama sehemu ya pili. Kisome kama jibu la swali lililoachwa wazi. Wahusika wa kushika ni wanne: Khalifa karani, Ilyas aliyelelewa na Wajerumani na kuwasifu hadi kujiunga na jeshi lao, dada yake Afiya, na Hamza. Afiya ni mtoto Ilyas anapomfundisha kusoma na kuandika. Mwanamume wa nyumba anamoishi akigundua kwamba msichana anajua kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Kinachomwokoa ni kuandika huko huko: kikaratasi chenye maneno machache kinachomfikia Khalifa. Mwalimu yeyote wa shule ya wasichana akiwasomea wanafunzi kurasa hizo kwa sauti, hatahitaji kueleza mengi.

Vita vya kitabu hicho si vya watu wa mbali. Wajerumani waliingia Kisii Septemba 1914, miezi miwili kabla ya Waingereza kushindwa Tanga. Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana kwa jeshi la Waingereza, na waliokufa kwa njaa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Gurnah anaandika kuhusu askari wa upande wa pili, na hilo ni faida kwetu: familia zenye babu aliyebeba mizigo ya Mwingereza zitasoma habari za aliyekuwa akiwakimbiza au kuwakimbia.

By the Sea iwe ya tatu. Mzee Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiomba hifadhi. Anajifanya hajui Kiingereza, na pasipoti yake ina jina la mtu mwingine. Afisa wa uhamiaji anamfungulia mkoba na kumchukulia kijikasha chake cha udi. Ni kitu kimoja tu cha thamani alichobeba kutoka kwao, na anaporwa kwa upole, kwa maneno ya adabu. Kinachowachanganya wasomaji ni kwamba wasimulizi ni wawili, na wa kwanza amebeba jina la baba wa wa pili. Chukua karatasi, igawe mara mbili, andika upande mmoja anachosema Saleh Omar na upande wa pili anachosema Latif Mahmud kuhusu nyumba ile ile. Kisa kizima kinazunguka hati ya nyumba: Rajab Shaaban, baba yake Latif, anaiweka rehani kwa mfanyabiashara mgeni, mgeni naye anaitumia hati hiyo hiyo kukopa kwa Saleh Omar, halafu anatoweka. Atakayefuata hati ilipo katika kila sura hatapotea. Na katika mji kama Nakuru, ambako kesi za hatimiliki na mikopo hazikauki, si jambo geni.

Baada ya hizo tatu, msomaji ameshaizoea sauti na anaweza kujichagulia. Desertion inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, Mwingereza aliyechoka kufa anapotokea nyikani alfajiri. Memory of Departure ina kijana anayetumwa Nairobi kwa mjomba tajiri, na picha yake ya Nairobi haina maua. Dottie hupuuzwa, tunaona kwa dhuluma: ni ya mwanamke mweusi aliyezaliwa Uingereza asiyejua hata asili ya majina yake mwenyewe. Admiring Silence tungeiacha hadi mwisho, kwa sababu msimulizi wake ni mwongo, na uongo huo unanoga zaidi kwa aliyekwisha kusoma nyingine.

Kwa walio tayari kuanzisha kundi la wasomaji, Peponi ina sehemu sita, kwa hiyo panga vikao sita, kimoja kila wiki mbili. Nakala moja inatosha watu wawili: wiki ya kwanza kwa mmoja, ya pili kwa mwenzake. Watu watatu kwa nakala moja haiendi. Yule wa tatu hufika hajasoma, akaona haya, na kikao kijacho haji. Watu wanane na nakala nne ni kiasi kizuri. Kikao cha kwanza, andikeni majina ya wahusika kwenye karatasi ya manila mwiache ukutani hadi mwisho. Mtu mmoja awe na Paradise ya Kiingereza, na katika kila sehemu achague ukurasa mmoja usomwe kwa lugha zote mbili. Tafsiri ina msamiati wa pwani ambao msomaji wa Bungoma huenda hajauzoea; kamusi iwe mezani, lakini msisimame kwa kila neno, maana maana nyingi hujitokeza mbele kidogo. Mkiona kikao cha tatu kinapungua watu, msishangae, ndipo safari ya bara inapoanza. Kikao hicho someni kwa sauti.

Tunaomba watu waache kusambaziana nakala za wizi kwenye simu. Mara nyingi kurasa hukosekana katikati, na mtafsiri na mchapishaji wa Dar es Salaam hawapati hata senti. Tafsiri ya kitabu kimoja ikikosa wanunuzi, mchapishaji hatakuwa na sababu ya kugharamia nyingine, na bado riwaya nyingine zinasubiri. Maduka ya vitabu ya Kisumu, Eldoret na Nakuru yanaweza kuagiza nakala kwa pamoja ili kugawana gharama ya usafiri.

Kwako Mhariri, tunaomba nusu ukurasa kwa mwezi kwa ajili ya maoni ya wasomaji kuhusu kitabu kimoja walichokisoma hadi mwisho, tukianza na Peponi. Kwa wasimamizi wa maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega, ombi letu ni nakala mbili za Peponi kwa kila moja ya Paradise, zikae rafu moja, na ziruhusiwe kuazimwa badala ya kufungiwa katika kabati la vitabu vya kusomea humo humo.

Walimu wawili wa fasihi,
Kisumu